Mfupa ukivunjika: usikaze kamba, wahi hospitali



Mfupa uliovunjika hupona. Tunaanza na jambo hilo kwa sababu wengi wetu, tukiuona mkono wa mtoto umepinda, huingiwa na hofu na kufanya mambo ya haraka haraka: kuuvuta, kuukanda kwa maji ya moto, kuufunga kwa fito na kamba kwa nguvu zote. Wapo watoto waliokatwa mkono ingawa mfupa wenyewe ulikuwa umevunjika kidogo tu na ungepona kwa wiki chache. Kilichouua mkono ni kamba iliyokazwa.

Katika karatasi hii tunaeleza mfupa unavyovunjika na unavyounga, nani yumo katika hatari zaidi, la kufanya katika saa za kwanza, na jinsi ya kuishi hapa kambini mpaka upone. Tafadhali isome na kumsomea jirani asiyejua kusoma.

MFUPA UNAVYOUNGA

Mfupa si kama jiwe au mti mkavu. Ni kitu hai, kina damu ndani yake, na hujijenga upya kila siku. Mtu mzima ana mifupa 206. Ukivunjika mmoja, damu huganda mahali palipovunjika, kisha mwili huanza kuleta nyama laini ya kuziba ufa. Baada ya wiki 2 au 3 nyama hiyo huanza kuwa ngumu, na baadaye hugeuka kuwa mfupa kamili.

Fikiria ukuta wa matofali ya udongo. Siku ya kwanza matofali yamepangwa, lakini udongo uliopo katikati bado ni mbichi. Ukiutikisa ukuta leo, na kesho tena, hautashika kamwe. Ukiuacha umepinda, utakauka ukiwa umepinda. Mfupa nao unataka mambo hayo mawili: upangwe sawa, kisha utulie.

Muda wa kupona hutegemea mfupa na umri wa mtu. Kwa kawaida ni hivi:

- Mkono wa mtoto: wiki 3 hadi 6.
- Mtulinga (mfupa wa juu ya kifua, karibu na bega): wiki 4 hadi 8.
- Mkono wa mtu mzima, karibu na kiganja: wiki 6 hadi 8.
- Mbavu: wiki 6 hivi.
- Muundi (mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti) na mfupa wa paja kwa mtu mzima: miezi 3 hadi 4, na pengine zaidi.

Maumivu huisha mapema kuliko mfupa kupona. Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu haoni maumivu tena, anavua plasta mwenyewe na kwenda kulima au kubeba maji, na mfupa unavunjika tena palepale.

NANI YUMO KATIKA HATARI ZAIDI?

(a) Watoto. Huanguka kutoka kwenye miembe wakati wa maembe, na kwenye kuta na mashimo ya kufyatulia matofali. Jambo jingine ni baiskeli. Mtoto akibebwa nyuma, mguu wake huweza kuingia katika spoki za gurudumu, ukasagika ngozi na mfupa pamoja. Mtoto mdogo asibebwe nyuma ya baiskeli isiyo na kizuizi cha miguu.

(b) Vijana na akina baba. Ajali za pikipiki, kupanda michikichi, kupanda juu ya paa kutengeneza turubai au nyasi, kukata miti. Pombe huongeza hatari hizi zote: mlevi huanguka vibaya, tena huchelewa kutambua kwamba ameumia.

(c) Wazee wetu, hasa akina bibi. Baada ya mwanamke kukoma kupata hedhi, mifupa yake hupungua nguvu mwaka hata mwaka. Kuanguka kidogo tu, kwa mfano akienda chooni usiku wakati wa mvua, kunaweza kuvunja nyonga au mkono. Mtu aliyekwisha kuvunjika mara moja kwa kuanguka kidogo yumo katika hatari ya kuvunjika tena.

(d) Watu wasiopata chakula cha kutosha, na wanaokaa ndani siku zote bila kuona jua. Mwili hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua, na bila hiyo mfupa haupati nguvu. Mtoto akikosa haya huweza kupata matege.

(e) Wanaotumia vidonge vya prednisolone au deksamethasoni kwa muda mrefu bila kuandikiwa na daktari. Tunajua dawa hizi huuzwa kwa maumivu ya viungo, au kwa watu wanaotaka kunenepa. Zikitumika miezi mingi hudhoofisha mifupa. Lakini kama umezitumia muda mrefu usiziache ghafla, kwani hilo nalo ni hatari. Nenda zahanati ukaelezwe jinsi ya kuzipunguza pole pole.

(f) Wanaopigwa. Mtu anayejikinga na fimbo huvunjika mfupa wa mkono. Kama umepigwa nyumbani au njiani, wewe ni mgonjwa kama wengine. Usijifiche nyumbani kwa ajili ya aibu au kwa kukosa karatasi ya polisi. Nenda hospitali, mwambie mhudumu ukweli mkiwa peke yenu, naye atakueleza msaada uliopo.

UTAJUAJE KAMA MFUPA UMEVUNJIKA?

Dalili ni hizi: maumivu makali mahali pamoja ukipagusa, uvimbe, kiungo kupinda au kuwa kifupi kuliko mwenzake, kushindwa kukitumia, na pengine kusikia mlio wakati wa kuumia. Wako watu wanaosema, "Akiweza kuchezesha vidole basi hakuvunjika." Si kweli. Vidole huweza kucheza hata mfupa ukiwa umevunjika. Mzee aliyeanguka na hawezi kusimama, na mguu wake umegeukia nje, achukuliwe kuwa amevunjika nyonga mpaka daktari aseme vingine.

LA KUFANYA KATIKA SAA YA KWANZA

1. Mwache mgonjwa atulie. Kama ameanguka kutoka juu au amegongwa na gari, na analalamika shingo au mgongo, msimkalishe wala msimbebe mgongoni. Alale chali, kichwa kisitikiswe, abebwe na watu kadhaa kwa pamoja juu ya ubao au mlango ulio imara.

2. Kama kuna damu, bonyeza kwa kitambaa safi. Mfupa ukiwa umetoka nje, usiurudishe ndani. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Usitie udongo, majivu, majani wala kinyesi cha mnyama, maana hapo ndipo pepopunda hupatikana.

3. Vua pete, bangili na hirizi katika mkono au mguu ulioumia kabla haujavimba.

4. Zuia kiungo kisicheze. Mkono uning'inize shingoni kwa kanga au kitenge. Mguu ufunge pamoja na mguu mzima, ukiweka blanketi katikati, au tumia vibao viwili vilivyozungushiwa nguo laini. Funga juu na chini ya mahali palipovunjika, si hapohapo. Kidole chako kiweze kupita chini ya kitambaa. Kama hakipiti, umekaza mno.

5. Tazama vidole vya kiungo hicho kila baada ya muda mfupi. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi inapaswa kurudi kabla hujahesabu mpaka tatu. Isiporudi, legeza kamba mara moja.

6. Kama aliyeumia amevunjika paja, mfupa umetoka nje, au inaonekana atahitaji kupasuliwa, msimpe chakula. Mtu anayepewa dawa ya usingizi akiwa ameshiba yumo katika hatari ya kutapika na kupaliwa.

7. Mwite mhudumu wa afya wa mtaa wenu, au kiongozi wa mtaa aagize gari la wagonjwa. Mtu aliyevunjika paja huweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya mguu bila tone kuonekana nje. Huyo hasubiri mpaka asubuhi.

Kila kidonda kilichofika kwenye mfupa kinahitaji dawa ya kuua vijidudu na kinga ya pepopunda mapema iwezekanavyo, siku hiyohiyo.

KUHUSU WATAALAMU WETU WA KUUNGA MIFUPA

Huko tulikotoka kila kijiji kilikuwa na mzee anayejua kuunga mifupa, na hapa kambini wapo pia. Watu huwaendea kwa sababu wapo karibu, wanazungumza lugha yetu, na wamewaponya wengi. Hatuwadharau. Mifupa mingi iliyovunjika bila kuhama mahali pake hupona ikitulizwa tu, na wazee hawa wanajua kutuliza.

Lakini kuna mambo ambayo macho na mikono peke yake haviwezi kuona. Picha ya eksirei huonyesha kama mfupa umehama, kama kiungo kimeteguka, na kama mtoto ameumia mahali mfupa unapokulia. Hapo pakiharibika, mkono au mguu huweza kukua ukiwa mfupi au umepinda.

Hatari kubwa kuliko zote ni kufunga kwa kukaza. Siku ya kwanza kiungo huendelea kuvimba. Kamba ambayo asubuhi ilikuwa ya kiasi, jioni huwa imebana. Damu haipiti tena, na nyama iliyokosa damu huanza kufa baada ya saa 6 hivi. Mtoto hulia sana, kisha hunyamaza. Wazazi hufurahi wakidhani amepata nafuu, kumbe mkono umekufa ganzi. Wakija hospitali siku ya tatu au ya nne, vidole ni vyeusi na baridi, na hapo kinachobaki ni kukata ili kuokoa maisha.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na wazee waungaji wakubaliane hivi: picha ya eksirei kwanza. Asifungwe mtu ambaye mfupa wake umetokeza nje. Asifungwe kwa kukaza. Na mtoto aliyefungwa anayelia kwa maumivu yanayozidi, afunguliwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Mzee anayemleta mgonjwa hospitali hajashindwa kazi yake.

HOSPITALINI

Utaulizwa ulivyoumia, utapimwa, na ikihitajika utapigwa picha. Mama mjamzito aseme kwamba ni mjamzito, ili akingwe. Mfupa uliohama utavutwa na kurudishwa mahali pake baada ya dawa ya kuzuia maumivu, kisha utafungwa plasta ngumu, ile wengine huiita hogo. Mtu aliyevunjika paja huweza kulazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, au kufanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Chuma hicho mara nyingi hubaki ndani maisha yote bila kudhuru.

Kazi nyingine haziwezi kufanyika katika hospitali ya kambi. Hapo daktari ataandika rufaa kwenda hospitali iliyo nje ya kambi. Usiondoke peke yako bila kibali. Rufaa na kibali hutengenezwa kupitia hospitali. Uliza mapema nani atafuatana na mgonjwa, na nani atabaki na watoto.

KUISHI NA PLASTA

- Plasta ya chokaa huchukua siku 1 hadi 2 kukauka kabisa. Usiikaushe motoni, na usiikanyagie.
- Siku 3 za kwanza inua kiungo juu: mkono juu ya mto au kifuani, mguu juu ya blanketi lililokunjwa. Hii hupunguza uvimbe.
- Chezesha vidole mara nyingi kila siku.
- Usiilowanishe. Wakati wa kuoga ifunge kwa mfuko wa nailoni na kuiweka nje ya maji.
- Ikiwasha ndani, usiingize kijiti wala spoki. Kidonda kilichofichwa chini ya plasta huoza bila kuonekana.
- Usiikate wala kuivua mwenyewe.

Rudi hospitali mara moja, usiku au mchana, kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vya bluu, vimekufa ganzi au vinashindwa kucheza, au kama plasta inanuka, inatoa maji, au una homa. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Anayelala kitandani muda mrefu ageuzwe au ainuliwe kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda vya mgongoni na visiginoni. Avute pumzi ndefu mara kwa mara, na achezeshe mguu ulio mzima. Anywe maji ya kutosha, wala asijinyime maji kwa kuogopa usumbufu wa choo. Ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda si aibu.

CHAKULA CHA MFUPA

Mfupa hujengwa kwa chakula. Tunajua mgao hautoshi kila mara, kwa hiyo tunataja vilivyo karibu. Dagaa wadogo, wakiliwa wazima pamoja na mifupa yao, wana madini yaleyale yaliyomo katika mifupa yetu. Maharagwe na karanga hujenga mwili. Majani ya mchicha, ya maboga na ya muhogo yafaa yapandwe hata katika gunia kando ya nyumba. Majani ya muhogo yatwangwe na kupikwa vizuri. Unga wa lishe ukipatikana, mgonjwa apewe. Akae juani kidogo kila siku. Sigara na ugoro viachwe, kwani tumbaku huchelewesha mfupa kuunga.

Kama aliyevunjika ndiye aliyekuwa akienda kupokea mgao, waarifuni mapema kiongozi wa mtaa na wahudumu wa watu wenye mahitaji maalum, waeleze jinsi mtu mwingine anavyoweza kupokea kwa niaba ya kaya. Usimtume mtu usiyemwamini na kadi yako.

PLASTA IKITOLEWA

Usishtuke. Mguu utakuwa mwembamba, ngozi kavu, goti au kiwiko kigumu. Hiyo ni kawaida. Misuli iliyokaa bila kazi hupungua, na hurudi kwa mazoezi. Kunja na kunyoosha taratibu, mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kama ulivyoonyeshwa. Maumivu kidogo ni sawa. Maumivu makali yanayodumu, au uvimbe mpya, ni dalili ya kusimama na kurudi hospitali. Usikubali kukandwa na kuvutwa kwa nguvu.

Magongo ya kutembelea yawe mafupi kuliko kwapa kwa vidole 2 au 3. Uzito ushikwe na mikono, si makwapa, kwa sababu mishipa ya fahamu ya mkono hupita hapo na inaweza kuumia. Chini ya gongo funga kipande cha mpira wa gurudumu ili lisiteleze kwenye tope. Ukitumia fimbo moja tu, ishike upande wa mguu ulio mzima.

KWA MGONJWA NA KWA JIRANI

Miezi 3 ya kukaa ni mirefu. Baba aliyekuwa akilima vibarua, au mama aliyekuwa akichota maji na kutafuta kuni, huanza kujiona mzigo. Wengine hukosa usingizi, hukasirika, au hurudiwa na mawazo ya yale waliyoyaona wakati wa kukimbia. Hayo si wazimu. Zungumza na mtu unayemwamini, na mweleze mhudumu wa afya.

Nawe jirani, usiishie kutoa pole mlangoni. Ndoo moja ya maji, kuni kidogo, au kumpeleka mtoto wake shuleni ni dawa kubwa. Mgonjwa naye ana mikono au akili ya kufanya kazi akiwa ameketi: kuchambua maharagwe, kufuma, kushona, kuwafundisha watoto kusoma. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kabla hujaiweka karatasi hii, fanya mambo matatu leo. Fukia shimo lililo njiani kuelekea choo chenu, hasa kama kuna mzee nyumbani. Tazama baiskeli yenu kama ina kizuizi cha spoki. Na waambie watoto wako kwamba siku wakianguka na kuumia waje kusema mara moja, wala hawatapigwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha mkono uliovunjika, na kila saa anayoficha inaweza kumgharimu mkono wake.